Seneta Aliyegeuka Gavana: Safari ya James Orengo wa Siaya

Makala haya ni deni ninalolilipa. Muhula uliopita, nilipokuwa nikifundisha msamiati wa uongozi, niliwaomba wanafunzi wangu hapa Buhinyuza waandike kwenye daftari jina la gavana wa mkoa wao, kisha chini yake majina ya maseneta wao. Jina la gavana liliandikwa na karibu darasa zima. Pa maseneta palibaki patupu. Ndipo msichana mmoja, aliyeketi karibu na dirisha, akaniuliza: "Mwalimu, kati ya gavana na seneta, mkubwa ni nani?" Kengele ilikuwa imekwisha kulia. Nikajibu kwa haraka kwamba wote ni sawa, nikakusanya chaki zangu nikatoka. Jibu lile lilikuwa la uvivu, na tangu siku hiyo limekuwa likinisumbua.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa wewe unayesoma hapa umekuja kujifunza Kiswahili. Gavana ni neno tulilolipokea kutoka Kiingereza, na seneta vilevile. Baraza la maseneta huitwa Seneti. Kwa Kirundi, gavana wa mkoa huitwa buramatari. Wazee watakuambia ni neno la tangu zamani za Wabelgiji, nao hawakosei: lina asili yake Kongo, ambako Stanley alipewa jina la Bula Matari, yaani mvunja mawe, na baadaye jina hilo likahamia kwa serikali ya kikoloni na watumishi wake. Seneti nayo kwa Kirundi ni Inama Nkenguzamateka, baraza linalozikagua sheria. Yatazame majina hayo mawili kwa makini. La kwanza ni la mtu wa nguvu anayepasua njia. La pili ni la watu walioketi wakichungua. Kama ningaliyaeleza hayo siku ile, nusu ya jibu ingalikuwa imepatikana.

Nusu ya pili inahitaji mfano wa mtu aliyevikalia viti vyote viwili. Huko Marekani watu wa namna hiyo ni wengi mno. Hapa kwetu Afrika Mashariki ni wachache, na karibu wote wako Kenya, kwa sababu ndiyo nchi jirani ambamo gavana na seneta wote wawili huchaguliwa moja kwa moja kwa kura za wananchi. Nimemchagua James Orengo wa kaunti ya Siaya. Siaya iko magharibi mwa Kenya, na tarafa zake za kusini zinagusa Ziwa Viktoria. Ni nyumbani kwa Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya huru. Katika kijiji cha Kogelo, ndani ya kaunti hiyohiyo, ndiko ilikotoka jamaa ya baba yake Barack Obama, ambaye alipozuru huko Agosti 2006 alikuwa bado seneta wa jimbo la Illinois. Basi watu wa Siaya walikwisha kumwona seneta kwa macho yao kabla nchi yao wenyewe haijarudishiwa Seneti.

Nimesema "kurudishiwa" kwa makusudi. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na Seneti, pamoja na majimbo yenye mabaraza yake. Mpango huo haukudumu. Miaka michache tu baadaye Seneti iliunganishwa na bunge la chini, majimbo yakanyang'anywa mamlaka yake, na nguvu zote zikakusanywa Nairobi. Kwa zaidi ya miaka 40 mwananchi wa Siaya aliyetaka barabara au zahanati ilimbidi atazame upande wa mji mkuu na kusubiri.

Katika Kenya ya namna hiyo ndimo alimokulia Orengo, aliyezaliwa mwaka 1951. Alisoma Shule ya Alliance, kisha sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako alikuwa kiongozi wa wanafunzi. Mwaka 1980, kabla hajatimiza miaka 30, alichaguliwa katika uchaguzi mdogo kuwa mbunge wa Ugenya. Bungeni aliwakuta wenziwe wachache waliothubutu kuihoji serikali ya Rais Daniel arap Moi hadharani: Koigi wa Wamwere, Abuya Abuya, Lawrence Sifuna, Mwashengu wa Mwachofi na Chibule wa Tsuma kutoka Pwani, na Chelagat Mutai, mwanamke pekee miongoni mwao. Waziri Charles Njonjo akawabandika jina la kebehi, akawaita "Dada Saba Wenye Ndevu". Lilikusudiwa kuwachekesha watu, lakini wao wakalivaa kama nishani.

Kicheko hakikudumu. Mwezi Juni 1982 katiba ilibadilishwa, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria. Wenye ndevu wale walisambaratishwa mmoja mmoja: huyu gerezani, yule uhamishoni. Orengo alikipoteza kiti chake akakimbilia Tanzania. Ukitaka kuelewa mambo yatakayofuata, usiisahau sura hii ya kijana wa Ugenya ambaye kazi yake bungeni ilikuwa kuuliza maswali, na ambaye kwa kuuliza alipoteza kila kitu.

Mwaka 1991 alikuwa miongoni mwa wanasiasa vijana waliomzunguka mzee Jaramogi katika vuguvugu la FORD, lililodai vyama vingi. Pamoja naye walikuwamo Paul Muite, Gitobu Imanyara, Raila Odinga, Kiraitu Murungi na Peter Anyang' Nyong'o. Yashike majina hayo mawili ya mwisho, tutayarudia. Mwezi Desemba mwaka huo kifungu cha chama kimoja kilifutwa, na katika uchaguzi wa 1992 Orengo akarudi bungeni kwa tiketi ya FORD-Kenya. Alishinda tena mwaka 1997. Kisha mwaka 2002 alifanya jambo ambalo mimi, hata leo, sijui niliite ushujaa au kiburi: wakati karibu upinzani wote uliungana nyuma ya Mwai Kibaki, yeye aligombea urais kupitia chama kidogo cha Social Democratic. Hakufikisha hata asilimia moja ya kura. Miaka mitano aliyokaa nje ya bunge ilimrudisha kwenye uwakili.

Alirejea mwaka 2007 kupitia chama cha ODM, na serikali ya mseto ilipoundwa mwaka 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi ule, akateuliwa kuwa Waziri wa Ardhi. Katika muda wake Kenya ilipata sera ya taifa ya ardhi mwaka 2009, na mwaka 2012 zikapitishwa sheria mpya, pamoja na ile iliyounda Tume ya Taifa ya Ardhi. Sisi Warundi, ambao baada ya kila wimbi la wakimbizi kurejea tumeshuhudia ndugu wakigombania shamba moja, hatuhitaji kuelezwa kwa nini wizara hiyo ni kaa la moto.

Sasa tufike penye kiini. Tarehe 27 Agosti 2010 Kenya ilitangaza rasmi katiba mpya. Neno kuu la katiba hiyo kwa Kiswahili ni ugatuzi, nalo linatokana na kitenzi gatua. Kugatua ni kuyatoa mamlaka mahali pamoja yalipolundikana na kuyagawa sehemu nyingi. Kenya ikagawanywa kaunti 47. Kila kaunti ina gavana wake na bunge lake dogo, na angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa lazima igawiwe kaunti hizo. Seneti ilifufuliwa ili kuzilinda. Ina maseneta 67: mmoja aliyechaguliwa katika kila kaunti, wanawake 16 wanaoteuliwa na vyama, wawakilishi wawili wa vijana na wawili wa watu wenye ulemavu.

Na kazi zao? Gavana ndiye mtendaji. Hospitali za kaunti ziko chini yake, kadhalika barabara za mashinani, maji, masoko, shule za chekechea na kilimo. Ana bajeti na ana wafanyakazi. Anaweza kuhudumu vipindi viwili tu vya miaka mitano. Seneta hana hospitali wala barabara. Hushiriki kutunga sheria zinazohusu kaunti, hushiriki kuamua fedha zigawanywe vipi, hufuatilia namna zinavyotumika, na bunge la kaunti likipiga kura kumwondoa gavana, Seneti ndiyo inayosikiliza kesi hiyo na kuamua. Vipindi vyake havina kikomo. Kwa ufupi, mmoja hutumia fedha na mwingine huuliza zimekwendaje.

Uchaguzi wa kwanza chini ya katiba hiyo ulifanyika Machi 2013, na Orengo akawa seneta wa kwanza wa Siaya. Ilikuwa nafasi iliyomfaa kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo chake. Miaka ile ya mwanzo maseneta na magavana walivutana vikali: Seneti iliwaita magavana wafike mbele ya kamati yake ya hesabu wajieleze, baadhi ya magavana wakakataa, na ugomvi ukafika mahakamani. Magavana walisema wanawajibika kwa mabunge yao ya kaunti. Maseneta wakasema fedha zilitoka taifani, basi taifa lina haki ya kuuliza. Mwaka 2018 Orengo akawa kiongozi wa wachache katika Seneti. Alikuwapo pia mwaka 2020, wakati maseneta waliposhindwa kwa wiki nyingi kukubaliana juu ya kanuni ya kugawana fedha, huku kaunti zikisubiri. Hoja yao ilikuwa rahisi kuitaja na ngumu kuitatua: je, fedha zifuate idadi ya watu, au pia ukubwa wa ardhi na uzito wa umaskini?

Lakini jambo lililomfanya ajulikane nje ya Kenya alilifanya kama wakili. Baada ya uchaguzi wa rais wa Agosti 2017, aliongoza mawakili wa Raila Odinga mbele ya Mahakama ya Juu. Tarehe 1 Septemba mahakama hiyo, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, ilifuta ushindi wa Rais Uhuru Kenyatta. Halikuwahi kutokea jambo kama hilo barani Afrika. Uchaguzi ulirudiwa, Odinga akasusia, na Kenyatta akashinda. Hata hivyo hukumu ile inasomwa katika vyuo vya sheria hadi leo.

Mtu aliyefika hapo angaliweza kuzeekea katika Seneti kwa heshima. Kwa nini basi, mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 71, aliomba kazi ya ugavana, kazi ya mitaro na mishahara ya wauguzi?

Hapa Marekani inatusaidia. Huko ngazi kwa kawaida hupandwa kutoka ugavana kwenda useneta. Jimbo la Virginia ni mfano mzuri: maseneta wake wawili wa sasa, Mark Warner na Tim Kaine, wote waliwahi kuwa magavana wake, wakipokezana. Katiba ya Virginia haimruhusu gavana kuhudumu vipindi viwili mfululizo, ilhali seneta wa Marekani hukaa miaka sita na anaweza kurudi kila wapiga kura wanapomtaka. Tena Seneti ya Marekani ina meno: huidhinisha majaji wa Mahakama Kuu, mabalozi na mikataba na nchi za nje. Huey Long wa Louisiana alichaguliwa kuwa seneta mwaka 1930 akiwa bado gavana, na hakukiacha kiti cha ugavana mpaka Januari 1932. Alivitaka vyote viwili kwa wakati mmoja.

Kenya ngazi hiyo imesimamishwa upande mwingine. Wale wawili niliokuomba uyashike majina yao walitangulia: mwaka 2017 Anyang' Nyong'o aliacha useneta wa Kisumu akawa gavana wa Kisumu, na Kiraitu Murungi akafanya vivyo hivyo kule Meru. Wapo waliokwenda kinyume, kama Ali Roba wa Mandera, aliyekuwa gavana kwa vipindi viwili hadi 2022 kisha akachaguliwa seneta; lakini kumbuka kwamba sheria haikumruhusu kipindi cha tatu. Mwenye hiari ya kuchagua huelekea kwenye kaunti, kwa sababu ndiko ziliko fedha na ndiko iliko kazi inayoonekana kwa macho. Simlaumu anayeitaka kazi hiyo. Nadhani mtu aliyeuliza maswali kwa miaka 40 anaweza kufika mahali akatamani kujenga kitu kimoja kinachoshikika.

Orengo akashinda, na kiti chake cha useneta kikachukuliwa na Oburu Oginga, mwana wa Jaramogi. Haukupita hata mwaka. Naibu wake William Oduol, waliyepigiwa kura pamoja kwenye tiketi moja, alijitokeza hadharani kulalamikia matumizi ya fedha katika serikali ya kaunti. Serikali hiyo nayo ikamtuhumu yeye kwa makosa mengine. Katiba ya Kenya haimpi gavana uwezo wa kumfuta kazi naibu wake. Njia ni moja: bunge la kaunti, kisha Seneti. Mwezi Juni 2023 bunge la kaunti ya Siaya lilipiga kura kumwondoa Oduol. Shauri likapelekwa Nairobi, katika ukumbi uleule ambamo Orengo alikuwa ameketi kwa miaka tisa. Maseneta wakasikiliza, wakakataa kumwondoa. Naibu akarudi Siaya na cheo chake.

Sikusimulii haya ili nikuambie nani alisema kweli. Mimi si hakimu wao, na kila upande ulikanusha tuhuma za mwenzake. Nakuomba utazame tu mahali alipokuwa amesimama kila mtu. Kijana aliyeitwa dada mwenye ndevu kwa sababu ya kuuliza, sasa serikali iliyoulizwa ilikuwa yake.

Kwa mwingine mambo yalikuwa magumu zaidi. Mike Sonko alikuwa seneta wa Nairobi tangu 2013, akawa gavana wa mji huo mwaka 2017. (Kwa wanaojifunza: sonko katika lugha ya mitaani ya Kenya ni tajiri, mtu mwenye fedha.) Naibu wake alijiuzulu miezi michache tu baada ya kuapishwa. Desemba 2020 bunge la kaunti lilipiga kura kumwondoa kwa tuhuma za kukiuka katiba na kutumia vibaya ofisi, ambazo alizikanusha. Tarehe 17 ya mwezi huo Seneti ikaridhia. Waliomhukumu ni baraza ambalo mwenyewe alikuwa mjumbe wake miaka mitatu tu nyuma.

Sasa turudi nyumbani. Hapa Burundi gavana wa mkoa hachaguliwi kwa kura za wananchi: huteuliwa na Rais, anamwakilisha mkoani, na uteuzi wake huidhinishwa na Seneti. Maseneta nao huchaguliwa na madiwani wa tarafa, wawili kwa kila mkoa, mmoja Mhutu na mmoja Mtutsi, na juu yao huongezwa Watwa watatu. Usidhani utaratibu huo wa kuchagua kupitia madiwani ni wa ajabu. Maseneta wa Marekani, ambao nao ni wawili kwa kila jimbo, walichaguliwa na mabunge ya majimbo yao mpaka katiba iliporekebishwa mwaka 1913. Tofauti kubwa iko kwa gavana. Gavana wa Siaya akikosea, mwuza samaki wa Bondo anamsubiri kwenye kituo cha kupigia kura. Gavana wetu husubiriwa na aliyemteua, na Seneti iliyoliidhinisha jina lake ndiyo chombo kilicho karibu zaidi na wewe chenye neno lolote katika uteuzi huo.

Kwa hiyo, binti uliyekaa karibu na dirisha, jibu langu la pili ni hili: katika fedha na amri, gavana ni mkubwa, katika haki ya kuuliza, seneta ndiye aliyepewa. Ndiyo maana naona uchungu kwamba daftari zenu zilijaa jina la mmoja na kukosa la mwingine. Na kosa si lenu pekee. Mikoa imepungua kutoka 18 hadi mitano. Muyinga yetu sasa imo ndani ya Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi, na makao makuu yamehamia Cankuzo. Maseneta wapya walichaguliwa Julai 2025. Hata mimi, niliporudi nyumbani jioni ile, nilijaribu kuyataja majina ya wawili wa Buhumuza. Nilipata moja, tena nikiwa na mashaka.

Kazi ya wiki ijayo, basi, ni fupi. Tafuteni majina yote mawili. Mwulizeni diwani wa kilima, mwulizeni mwalimu mkuu, msinitegemee mimi. Kisha andikeni barua moja kwa Kiswahili sanifu, isiyozidi ukurasa, yenye swali moja tu mnalotaka seneta amwulize gavana. Anwani iandikwe juu upande wa kulia, kama tulivyojifunza. Barua itakayokuwa na maswali mawili nitairudisha.